Kadi Isiyofanya Kazi na Isile

Ukiingia katika ofisi yenye kompyuta saa ya chakula cha mchana, utakuta viti ni vitupu, mashine zimewashwa, na feni zinavuma kana kwamba kuna kazi kubwa inayotendeka. Mara nyingi, kwa mashine iliyo nayo, mvumo huo hutoka kwenye kadi ya michoro, yaani kile kipande kinachotengeneza picha zionekanazo kwenye skrini. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, na kwamba mwandishi amekosa la kuandika. Hebu tulipime kwa hesabu.

Mwezi Oktoba 2022 kampuni ya Intel ya Marekani iliingiza sokoni kadi zake za Arc A750 na A770. Waliozipima waligundua upesi kwamba zilikula wati 40 hivi hata pale mwenye mashine alipokuwa hafanyi lolote. Wati 40 zikiliwa usiku na mchana kwa mwaka mzima ni yuniti 350 za umeme. Shule yenye mashine 20 za namna hiyo, zisizozimwa, ingelipia yuniti 7,000 kwa mwaka bila mwanafunzi hata mmoja kufaidika.

Dawa ilikuwapo. Intel yenyewe ilieleza kwamba mwenye mashine aingie katika mipangilio ya BIOS, airuhusu njia ya PCI Express ilale inapokosa kazi, kisha aende katika mipangilio ya umeme ya Windows na kuchagua uokoaji wa juu kabisa. Hapa ndipo nisipokubaliana na watengenezaji. Mwalimu wa jiografia atajuaje hayo? Uokoaji ungepaswa kuja tayari umewashwa, na anayetaka kupoteza ndiye ahangaike kuutafuta mlango.

Wala haiwezi kusemwa kwamba ufundi haukuwapo. Kadi ya Radeon HD 7970, iliyotangazwa na kampuni ya AMD Desemba 2011, ilikuwa na uwezo wa kujishusha hadi chini ya wati 3 na kuisimamisha feni yake mara skrini inapozimwa. Lakini AMD hiyo hiyo, ilipotoa Radeon RX 7900 XTX Desemba 2022, ililazimika kukiri ulaji mkubwa wa umeme wakati wa mapumziko kwa baadhi ya skrini zenye kasi kubwa.

Sababu mojawapo inafaa ieleweke. Kumbukumbu ya kadi hubadili mwendo wake katika ule mwanya mfupi uliopo baina ya picha moja na nyingine, ili skrini isimemeteke. Mtu akiunganisha skrini mbili zenye kasi tofauti, mianya hiyo haikutani, na kadi huiacha kumbukumbu ikimbie mbio zote ingawa mbele yake pana barua tu. Mwenye skrini mbili azipe kasi moja, tuseme picha 60 kwa sekunde, kisha asikilize feni. Na mwenye kadi ya NVIDIA achunguze kama fundi hakumchagulia hali ya utendaji wa juu kabisa, ambayo huizuia kadi isipunguze mwendo.

Kuhusu kelele, pana udanganyifu kidogo. Kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni zikiwa hazijapata joto, na hilo ni jema darasani. Hata hivyo ukimya si ushahidi wa uokoaji: kadi yenye mapezi makubwa ya chuma huweza kula wati 40 kimya kimya, na joto lake likabaki chumbani. Anayetaka kujua ukweli apime umeme, asitegemee masikio.

Nao wanaoidhinisha ununuzi wa mashine za ofisi wangeanza na swali la awali zaidi, kama kadi hiyo inahitajika hata kidogo. Barua, orodha za mishahara na alama za mitihani huonyeshwa vizuri na sehemu ya michoro iliyomo tayari ndani ya vichakataji vingi, isiyo na feni yake yenyewe.