Kiongozi Si Lazima Awe Mpiga Kelele



Hapa Johannesburg ofisi moja inaweza kuwa na Mzulu, Msotho, Mkongo, Mzimbabwe na sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Kikao kinaendeshwa kwa Kiingereza. Anayekimudu ndiye anayesikika, na mara nyingi ndiye anayepewa cheo. Mchapakazi mwenye maneno machache hubaki palepale. Naona hapo tunapoteza viongozi.

Tumwangalie Walter Sisulu. Mwaka 1941 alikuwa na ofisi ndogo ya udalali wa nyumba na viwanja mjini humu. Kijana Mandela alipofika kwake, Sisulu ndiye aliyemtafutia nafasi kwa wakili Lazar Sidelsky. Alikuwa Katibu Mkuu wa ANC kuanzia 1949 hadi 1954, wala hakuwahi kuwa rais wa chama. Sifa yake ilikuwa kusikiliza na kuunganisha watu. Na upole wake haukuwa woga: Juni 1963, akiwa mafichoni, sauti yake ndiyo iliyosikika Radio Freedom ilipoanza kurusha matangazo.

Je, Sisulu angeomba kazi leo, tungemwona?

Wenye kuongoza vikao, kabla ya kufunga mpeni kila mmoja nafasi ya kusema. Yule ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, mruhusuni alete hoja yake kwa maandishi. Nasi katika jumuiya zetu za ughaibuni, tunapochagua mwenyekiti tuangalie nani anatekeleza, tuache kupima kwa domo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Naomba kuwasilisha.