Neno Moja Liliokoa Kisiwa

Wako watu wadhanio kuwa hadithi za mabibi ni za kulazia watoto tu. Watu hao ningependa wakitazame kisiwa cha Simeulue, mkoani Aceh, Indonesia.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa hicho kwa kipimo cha 9.1. Tetemeko likazaa tsunami iliyoua watu zaidi ya 220,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Aceh peke yake, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu wenzetu, walikufa au kupotea zaidi ya watu 160,000. Simeulue kilikuwa na watu kama 78,000, na maji yalikifikia kwa muda wa dakika kumi hivi. Waliokufa ni saba.

Hawakupigiwa king'ora wala simu. Walikuwa na neno moja: smong. Mwaka 1907 bahari ilikiangamiza kisiwa hicho, na waliosalia wakawausia watoto, nao watoto wakawausia wajukuu: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usingoje, kimbilia mlimani. Miaka 97 baadaye, ukelele wa neno hilo ulitosha.

Je, sisi? Tunayo maneno tele ya bahari: kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu. Lakini kwetu bahari ikipwa hutuita. Wake kwa waume hushuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Hapo ndipo ilipo hatari, ndugu msomaji. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua. Nani angeshangaa kuona maji yametoka mbali?

Tena tetemeko la huko mbali sisi hatulisikii. Mwaka ule maji yalichukua saa nyingi kutufikia, habari zikatangulia, na watu wakaondolewa ufuoni Mombasa. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Jirani zetu wa Somalia walipoteza karibu 300, wengi wao pande za Hafun, ambako hakuna aliyewaonya.

Barazani utamsikia mtu akisema kuwa ajali haina kinga, lililoandikwa limeandikwa. Naam, kadari ni haki. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Watu wa Simeulue nao ni Waislamu, na imani yao haikuwazuia kukimbia.

Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, na wengi wa rika lake hawana walijualo juu ya siku ile. Redio na simu ni vyombo vyema, lakini simu huzima na umeme hukatika. Kilichokaa kifuani hakizimi. Malenga tunao, manahodha tunao, na walimu wa madrasa tunao. Kwa maoni yangu, haifai wosia huu ukose mahali katika tungo na hadithi za watoto wa Lamu, Malindi na Vanga. Wosia wenyewe ni mfupi: saa za kupwa zaenda na mwezi, bahari ikitoka nje ya saa zake, mwache pweza, panda juu, na umwite jirani yako. Tahadhari kabla ya hatari.