Hema lisipigwe mchangani Rumonge
Njia ya miguu kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac ni nzuri mno, hasa inapopita karibu na msitu wa Kigwena, mabaki adimu ya msitu wa bondeni kando ya Ziwa Tanganyika. Ila ushauri kwamba hema lipigwe mchangani karibu na maji ni wa hatari. Kiboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na hurudi kwa njia yake ileile. Atakayekutwa kati yake na maji yumo mashakani. Mamba naye huvizia pale watu wanapoteka maji. Tena ufukwe wenyewe si ule wa zamani, kwani miaka hii ziwa limepanda likameza nyumba na mashamba. Na wakati wa kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Afadhali msafiri apande juu kidogo, kwenye michikichi, baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye shamba na mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa eneo hilo. Kutoka huko huonekana taa za wavuvi wa ndagala, isipokuwa siku za mwezi mpevu, ambapo wengi hupumzika.