Gari Linaposita, Tuanze na Oili

Gari kuukuu la otomatiki, mfano wa Toyota Land Cruiser za miaka ya 1990, likitiwa D likakaa sekunde mbili au tatu kabla ya kushika, wengi wetu huhukumu kwamba giaboksi imekufa. Ndugu wasomaji, tusikubali ishushwe kabla ya kuipima oili yake. Oili hiyo ndiyo ibebayo shinikizo la kuzibana klachi za ndani. Ikipungua, shinikizo huchelewa na gari husita.

Upimaji una utaratibu wake. Gari liwe limetembea hata oili ikapata moto, kisha liegeshwe mahali tambarare. Injini ikinguruma na breki ikiwa imekanyagwa, tuupitishe mkono wa gia katika nafasi zote na kuurejesha P. Ndipo tukichomoe kijiti cha kupimia, tukifute, tukitie tena na kusoma alama ya moto. Injini ikizimwa, kijiti kitatudanganya.

Oili ikiwa nyekundu lakini pungufu, tutafute inapovuja, kisha tuongeze ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Ikiwa imetimia, fundi aukague waya utokao kwenye eksileta hadi giaboksi, asije akaukuta umelegea. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimelika, na oili mpya haitaziponya.

Vyovyote iwavyo, tusikawie. Gari linaloingia barabara kuu mbele ya lori, gia haijashika, limewabeba watoto wetu.