Daftari la wiki: Lubumbashi ndani ya Lubumbashi

Jumatatu. Ndugu yangu wa Dar es Salaam amenipigia simu kuuliza kwa nini katika anwani niliyomtumia nimeandika Lubumbashi mara mbili. Sikukosea. Mji wetu una komini saba, yaani manispaa, na moja inaitwa Lubumbashi, kama mji wenyewe. Nyingine inaitwa Kenya. Mwambie mtu wa Mombasa kwamba asubuhi umekwenda soko la Kenya kwa miguu, uone atakavyoshangaa.

Kompyuta haipotei kwa majina ya namna hii. Programu ikitaka faili, hupeleka njia yake, tuseme /katanga/lubumbashi/kenya/barua, kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kerneli ya Linux haina orodha moja ya mafaili yote. Huanzia mzizini, kwenye mkwaju (/) ule wa kwanza, ikatafuta katanga. Ikiipata huingia, na lubumbashi huitafuta humo tu, si kwingine. Kwa hiyo majina mawili yanayofanana hayagombani, mradi hayakai saraka moja, yaani folda moja. Njia isiyoanza na mkwaju huanzia pale programu iliposimama, kama tunavyoelekezana hapa mjini: toka Posta, nyoosha, kata kushoto. Asiyejua Posta ilipo hafiki.

Jumatano. Mwanafunzi mmoja kaja na malalamiko: “Papa, faili ni langu, ruhusa zote ninazo, mashine inanikatalia.” Tukaandika amri ya namei -l, inayoonyesha njia hatua kwa hatua pamoja na ruhusa zake. Kizuizi kilikuwa saraka tatu juu. Kerneli hukagua idhini ya kupita katika kila saraka iliyo njiani, na idhini hiyo si ile ya kusoma orodha ya vilivyomo. Una chumba chako, lakini lango la kiwanja limefungwa. Nimependa alivyonyamaza, kisha akaanza kuandika.

Ijumaa. Hadi 1966 mji huu uliitwa Elisabethville. Mkoa wa Katanga nao uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Hakuna tofali lililohama. Kompyuta hushughulikia kitu chenye majina mawili kwa kiungo: faili dogo lenye njia nyingine ndani yake. Kerneli hukisoma, ikaendelea na njia hiyo. Kwa kuwa kiungo chaweza kuelekeza kwenye kiungo kingine, na hicho kikarudisha kwa cha kwanza, Linux hufuata viungo 40 tu katika safari moja, kisha hukataa.

Faili likishafunguliwa, programu hushika faili lenyewe. Jina likibadilishwa, bado unalo mkononi. Hapa nawaomba vijana wanaoandika programu: msikague jina kwanza ndipo mfungue. Kati ya hatua hizo mbili mwizi anaweza kugeuza kiungo, mkafungua kitu ambacho hamkukikagua. Fungueni kwanza, kisha mkague mlichoshika.