Vifaa vinavyosikiliza nyumbani: Haki ya yaya iko wapi?

KATIKA mojawapo ya majumba mapya ya ghorofa mtaani Kileleshwa, Nairobi, kuna mwanamke ambaye kila anapopigiwa simu na mamake aliye mashambani hutoka nje na kuketi kwenye ngazi.

Mwanamke huyo ni yaya wa mpwa wangu. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha kwa kidole kifaa cha duara, kinachotoshana na kikombe cha chai, kilichowekwa kwenye rafu ya jikoni.

“Kile kinasikia, mzee,” akaniambia kwa sauti ya chini.

Mpwa wangu aliangua kicheko. “Mjomba, hakisikii lolote mpaka ukiite jina,” akanihakikishia. Kwake yeye, kifaa hicho ni mtumishi asiyechoka. Hukiamuru kuwasha taa, kuzima runinga, kucheza nyimbo na kumkumbusha miadi ya kesho.

Nani kati yao anayesema kweli? Nimelifuatilia suala hili kwa muda, na ni dhahiri kwamba yaya yule, ambaye hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa masharti ya matumizi, anaukaribia ukweli kuliko mwajiri wake.

Vifaa hivi si vigeni tena. Kampuni ya Amazon ilizindua Echo, yenye msaidizi aitwaye Alexa, mnamo Novemba 2014. Google ilifuata mwaka wa 2016 na Apple mwaka wa 2018. Maikrofoni zake huwa wazi saa zote zikisubiri neno la kukiamsha kifaa. Likishasikika, sauti inayofuata hurekodiwa na, mara nyingi, kusafirishwa kupitia intaneti hadi kwenye tarakilishi za kampuni husika ili ifasiriwe.

Tatizo ni kwamba kifaa huweza kudhani kimeitwa ilhali hakuna aliyekiita. Mnamo Mei 2018, familia moja mjini Portland, Marekani, iligundua kuwa mazungumzo yake ya faraghani yalikuwa yamerekodiwa na Echo na kutumwa kwa mtu aliyekuwa katika orodha yao ya simu. Amazon ilikiri kwamba kifaa kilikuwa kimeyafasiri vibaya maneno yao kuwa maagizo.

Aprili 2019, shirika la habari la Bloomberg lilifichua kwamba wafanyakazi katika mataifa kadhaa walikuwa wakilipwa kusikiliza rekodi za Alexa ili kuuboresha mfumo huo. Julai mwaka uo huo, shirika la utangazaji la VRT nchini Ubelgiji lilisikiliza zaidi ya rekodi 1,000 za wateja wa Google. Rekodi 153 kati ya hizo hazikustahili kuwepo, kwa kuwa neno la kukiamsha kifaa halikuwa limetamkwa.

Apple nayo ilikubali, Januari 2025, kulipa Dola 95 milioni kuimaliza kesi kuhusu msaidizi wake Siri, bila kukiri kosa. Kabla ya hapo, mnamo 2023, Amazon ilikuwa imekubali kulipa Dola 25 milioni baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kuhifadhi sauti za watoto kinyume cha sheria.

Ajabu ni kwamba mwelekeo haujawa wa kulegeza kamba. Tangu Machi 28, 2025, Amazon iliondoa hiari iliyowawezesha baadhi ya wateja nchini Marekani kuzuia sauti zao kutumwa nje ya nyumba.

Mpwa wangu alibonyeza mahali palipoandikwa kwamba amekubali. Hiyo ni haki yake. Nyumba ni yake na pesa ni zake. Lakini nyumba ile ina watu watano. Yaya hakukubali chochote. Watoto hawakuulizwa. Hata mimi, niliyeketi pale kwa saa mbili nikizungumzia mashamba ya ukoo na maradhi ya jamaa, sikujua kulikuwa na msikilizaji mwingine hadi nilipoonyeshwa.

Fauka ya hayo, kwa yaya hofu haiko ng’ambo pekee. Echo ina huduma ambayo, ikiwezeshwa, humruhusu mwenye nyumba aliye afisini kufungua mawasiliano na jikoni kwake na kusikia yanayoendelea bila yeyote kupokea simu. Taa huwaka kwenye kifaa, naam, lakini ni nani huitazama taa akiwa anakaanga vitunguu? Mwajiri aliyekuwa akitegemea minong’ono ya majirani sasa ana sikio lake mwenyewe.

Sheria yetu inasemaje? Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake. Haikusema kila mwenye nyumba. Ilisema kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 ikaja kuipa haki hiyo meno, na meno hayo yameuma. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo, kifungu cha 51 cha sheria iyo hiyo kinaondoa shughuli za mtu binafsi ambazo ni za kibinafsi au za kinyumbani tu. Waliokiandika nadhani walifikiria albamu za picha na vitabu vya nambari za simu. Lakini kwa yaya, jikoni mle ni mahali pa kazi. Je, kumsikiliza mfanyakazi ni shughuli ya kinyumbani tu? Kwa maoni yangu, sivyo, na Kamishna hapaswi kungoja kesi ndipo atoe mwongozo.

Kuna dhihaka nyingine katika mambo haya. Alexa huzungumza Kiingereza, Kijerumani, Kihindi, Kijapani na hata Kiarabu, lakini si Kiswahili. Yaya hawezi kukiagiza kizime taa kwa lugha yake, ilhali sauti yake chaweza kuinasa.

Wapo watakaosema basi hakuna hatari, kwani kisichofahamu hakiwezi kusengenya. Kinga hiyo haitadumu. Google ilianza kuyaandika maneno ya Kiswahili yanayotamkwa tangu 2017, na mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za wasemaji wa lugha hii. Siku vifaa vya nyumbani vitakapokimudu Kiswahili, zitahitajika pia nafsi za kukisikiliza na kukisahihisha. Jiji la Nairobi tayari lina vijana wanaolipwa kuchambua data za kampuni za kigeni. Huenda basi anayesikiliza kilio cha yaya akimweleza mamake kuhusu karo akawa kijana wa mtaa wa pili.

Mpwa wangu, kwa upande wake, analalamikia stima tu. Ikipotea, nyumba yake yote huwa bubu. Na mitambo ya Amazon ilipopata hitilafu mnamo Oktoba 20, 2025, Alexa alinyamaza hata katika nyumba zilizokuwa na umeme.

Kwa sasa, waajiri wanaweza kuanza na jambo jepesi lisilohitaji Bunge: kumwambia mfanyakazi, siku anapoajiriwa, ni vifaa gani vinasikiliza, viko wapi na vinazimwaje. Sioni ugumu wa kuyaweka hayo katika mkataba pamoja na mshahara na siku ya mapumziko, kama mkataba upo.

Mpwa wangu alinisikiliza, akainuka na kubonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni. Taa nyekundu ikawaka. Yaya aliitazama kwa muda. Simu yake ilipolia, aliichukua akatoka nayo hadi kwenye ngazi.