Neema haiulizi umefunga siku ngapi

Ukiandika mtandaoni kwamba hujatia kitu tumboni tangu asubuhi, hutakosa mtu wa kukuuliza kama umehamia Shakahola. Watu wanacheka, wanasambaza, siku inaenda. Huku kwetu Malindi utani huo hauchekeshi sana. Shakahola ni mahali pa kufika kwa gari, ukifuata barabara ya kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo. Na miili ilipoanza kufukuliwa Aprili 2023, ililetwa hapa hapa mjini, mochari ya hospitali ya Malindi. Watu walitoka pembe zote za nchi wakiwa na picha za ndugu zao, wakaenda kwenye dawati la Msalaba Mwekundu kuuliza kama kuna habari zozote.

Miili zaidi ya 400 ilitolewa kwenye makaburi yale. Wengi walikufa njaa. Wengine, uchunguzi wa maiti ulionyesha, walinyongwa au kupigwa. Watoto walikuwa wengi mno. Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa la Good News International mwaka 2003, alishtakiwa pamoja na wenzake kwa mauaji ya watoto 191, na katika kesi nyingine kwa ugaidi, kuua bila kukusudia na kutesa watoto. Alikana mashtaka. Hiyo ni kazi ya mahakama, tuiachie mahakama.

Mimi nataka tuongee kuhusu sisi tunaocheka. Maana chini ya ule utani kuna wazo kwamba waliokwenda msituni walikuwa wajinga, watu wa mashambani wasiojua kitu, na sisi wa mjini wenye bando hatuwezi kuingia mtego kama huo. Jamani, si kweli. Waliokwenda walikuwemo watu waliosoma, watu wenye kazi, watu waliouza mali zao wakapanda basi kutoka miji mikubwa kuliko wetu. Na walichokuwa wanatafuta ndicho tunachoimba kila Jumapili tukiwa tumefumba macho na kuinua mikono: kujitoa kwa Mungu bila kubakisha kitu.

Kwa hivyo swali si kwa nini walijitoa. Mkristo yeyote ameitwa kujitoa. Swali ni walijitoa kwa nani, na aliyewapokea alikuwa anataka nini.

Kisu kilichozuiwa

Mhubiri akitaka kukuambia utoe zaidi, mara nyingi atakupeleka kwa Ibrahimu na Isaka. Baba anapanda mlimani na mtoto wake, kuni na kisu. Tunasifu utiifu wa Ibrahimu, tunasema amina, halafu tunapita haraka pale mwisho, ambapo ndipo kwenye habari yenyewe. Mkono ulizuiwa. Mtoto alishuka mlimani akiwa hai, na kilichochinjwa ni kondoo aliyenaswa kichakani, ambaye Ibrahimu hakumleta yeye. Mungu wa hadithi ile hakupokea mtoto.

Kulingana na simulizi za manusura, kule msituni utaratibu ulikuwa watoto watangulie, kisha wanawake, kisha wanaume. Weka hilo kando ya Injili uone. Yesu alipomwinua binti wa Yairo, msichana wa miaka 12, kitu cha kwanza alichoagiza ni apewe chakula. Hakusema aombewe tena wala apelekwe kesha. Alisema alishwe. Umati ulipokaa naye siku tatu bila chakula, alikataa kuwaachia waende na njaa wasije wakazimia njiani. Na siku ya kujitoa ilipofika, alikwenda mwenyewe. Hakumtanguliza mtoto wa mtu.

Mimi hicho ndicho kipimo changu, na hakihitaji shahada ya theolojia. Anayekuambia ujitoe, yeye ametoa nini? Na ukitaka kurudi nyumbani, njia iko wazi? Kujitoa kwa Mungu hakuvunji simu ya mama yako. Hakukuambii uache shule, ukatae hospitali, ukate mawasiliano na shangazi yako kwa sababu anauliza maswali mengi. Pale ambapo maswali yamekatazwa, ujue kuna binadamu anayelinda kitu chake.

Na usidhani hayo yalianza kichakani. Yalianza taratibu, hapa mjini, mchana kweupe. Mwaka 2017 tayari kulikuwa na kesi kuhusu watoto wa kanisa lile kutopelekwa shule. Mwaka 2019 ilikuwa Huduma Namba, ikidaiwa kuwa namba ya mnyama. Mwaka huohuo kanisa likafungwa na safari ya msituni ikaanza. Kila hatua ilionekana ndogo kwa sababu ilikuja baada ya nyingine. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ililaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa kupuuza taarifa walizopelekewa. Sawa, serikali ilizembea na ijibu. Lakini na sisi majirani tuliona watoto hawaendi shule, tukasema hiyo ni dini yao.

Deni ambalo haliishi

Sasa tuje kwa neema, neno ambalo tunalitamka sana kuliko tunavyoliamini.

Kufunga hadi kufa ili umwone Yesu ni ile hesabu ya kawaida ya makanisa yetu mengi ikipelekwa hadi mwisho wake. Hesabu inasema hivi: Mungu ana kitu unachokitaka, na wewe hujalipa vya kutosha. Kama hujapata kazi, hujatoa mbegu. Kama umetoa mbegu na bado hujapata, hukutoa kwa imani. Kama ulitoa kwa imani, basi hukufunga. Ukifunga siku 3 utaambiwa wenzako wanafunga 21. Namba ya M-Pesa iko hapo chini ya skrini, na mhubiri anakuambia malaika wanasubiri. Deni haliishi, kwa sababu mwenye daftari hataki liishe.

Niliacha chuo kwa kukosa karo, na mhubiri mmoja aliwahi kuniambia kwamba mlango ulifungwa kwa sababu fungu la kumi langu halikuwa kamili. Sikuwa na kipato. Fungu la kumi la nini? Lakini naelewa kwa nini kijana mwingine akiambiwa hivyo ataenda kukopa atoe. Ukiwa chini, mtu anayekuambia kuna bei angalau anakuambia kuna duka. Bora lawama kuliko kimya.

Neema inalivunja lile daftari. Na kama unataka mfano wa hapa kwetu, huhitaji kwenda mbali. Rabai iko Kaunti hii hii ya Kilifi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai. Walihubiri miaka na hawakupata umati. Mtu wa kwanza kubatizwa pale alikuwa Mringe, mlemavu, na alibatizwa akiwa mgonjwa wa kufa.

Hebu fikiria huyo ndiye Mkristo wa kwanza wa Rabai. Hakuwa na muda wa kutumika kanisani wala wa kutoa ushuhuda wa gari na nyumba, na hakuna aliyemwambia afunge kwanza ndipo afae. Alikuwa na mikono mitupu, akapokelewa hivyo hivyo. Kanisa la pwani hii lilianza na mtu ambaye hakuwa na cha kulipa. Kila nikisikia kwamba Mungu wetu anauza, namkumbuka Mringe.

Wapo watakaosema neema ya aina hii inalea uvivu. Kwamba ukiwaambia vijana kila kitu kimeshalipwa, wataishi wanavyotaka. Hoja hiyo ina uzito wake, nimeona watu wanaotumia neema kama kadi ya kutokea jela. Lakini angalia Zakayo. Yesu alijialika kwake kabla hajatubu chochote, mbele ya watu wote. Hakumpa masharti. Na ni baada ya kupokelewa ndipo Zakayo mwenyewe akasimama na kusema nusu ya mali itaenda kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Neema ndiyo iliyofungua mfuko wake. Kelele za fungu la kumi huwa zinaufunga.

Msamaha usio na saa

Zakayo pia anatusaidia kwenye lile gumu zaidi, msamaha. Alisamehewa na bado alilipa. Viwili hivyo vilikaa meza moja bila kugombana.

Nasema hivyo kwa sababu sisi watu wa kanisa tuna haraka mbaya. Msiba haujaisha, tayari kuna mtu ameshika kipaza sauti anawaambia wafiwa wasamehe ili waponywe. Miili ya kwanza ya Shakahola ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, kwa sababu vipimo vya DNA vilichukua muda. Familia moja ilipokea miili minne siku moja. Wengine wengi walirudi nyumbani bila jibu. Unamwambiaje mtu asamehe wakati hajui hata kama ndugu yake yumo?

Msamaha wa Kikristo ni kuachilia kisasi. Haufuti kesi mahakamani, haumzuii shahidi kusema alichokiona, na hauna tarehe ya mwisho. Anayeshindwa kusamehe leo hajapungukiwa imani. Analia, na Mungu anajua kusubiri kuliko sisi.

Lakini kuna msamaha mwingine ambao unatuhusu moja kwa moja, na huo hatuna sababu ya kuuchelewesha. Waliotoka msituni wakiwa hai, tunawapokeaje? Juni 2023, watu 65 waliookolewa walishtakiwa kwa kujaribu kujiua, kwa sababu walikataa kula hata walipokuwa kwenye kituo cha kuwahifadhi. Wafikirie. Umetolewa kaburini, na salamu ya kwanza ni mashtaka. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Sheria imeanza kulainika. Je, sisi?

Kati ya walionusurika kuna wazazi waliowapeleka watoto wao na kutoka bila wao. Mtu kama huyo akirudi kijijini hana haja ya kuhukumiwa na jirani, anajihukumu mwenyewe usiku na mchana. Hapa ndipo neema inaacha kuwa wimbo. Ni rahisi kusema Mungu anasamehe yote. Ni vigumu kumwachia nafasi mama huyo kwenye benchi lako, kununua mboga kwake, kumruhusu mwanao acheze na mwanaye aliyebaki. Kama neema yetu haimfikii yeye, basi na sisi tuna daftari, tofauti ni kwamba letu lina jalada zuri.

Na tusijidanganye kwamba jambo hili limepita. Mwaka 2025 makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, upande huo huo wa Chakama, na miili zaidi ya 30 ikafukuliwa. Miaka miwili tu baada ya dunia nzima kuja na kamera. Utani wetu haukumzuia mtu hata mmoja kwenda. Pengine uliwasukuma, maana mtu anayejua atachekwa akiuliza swali huwa anauliza kwa yule asiyemcheka.

Serikali ina jopo lake, ripoti zake na sheria zake za kusajili makanisa, na mjadala huo uendelee. Lakini sheria haiwezi kukaa na kijana aliyefunga siku ya tano chumbani kwake Mtwapa kwa sababu mtu wa YouTube amemwambia ndoto yake imekaribia. Hiyo ni kazi ya rafiki. Mpigie. Mpelekee mahamri na mbaazi, kaa naye mle, msikilize bila kumwita mjinga. Nabii Isaya alishasema zamani kwamba kufunga kunakompendeza Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Tungelianzia hapo, makesha yetu mengi yangegeuka jikoni.

Na ule utani ukikufikia tena kwenye simu, usiusambaze. Kuna mtu hapa mjini bado anasubiri jibu la DNA ya dada yake, na yeye pia yuko kwenye hilo grupu.